Kushoto kwa Kapteni

Sammy Shivachi alisimama ukingoni mwa kaburi la babake, maiki mkononi, akageuza shingo kushoto.

Watu walikuwa wamejaa kuanzia mlangoni mwa nyumba hadi kwenye ua wa majani ya nepia, na wote walikuwa wamenyamaza ili wamsikie. Wapiga isukuti walikuwa wamelaza viganja juu ya ngoma zao. Hata fahali wa marehemu, ambaye tangu aletwe alikuwa anachimbachimba udongo kwa kwato, alisimama kidogo. Sammy akatazama kushoto, akangoja. Mama mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake, "Maskini, Kapteni analilia ndani."

Hakuwa analia, si ndani si nje. Alikuwa ananingoja mimi nimuulize swali.

Wasiojua *Wasafiri wa Zuhura* labda walikulia mbali na Kakamega. Kila Jumapili jioni, kwenye kituo kidogo cha televisheni cha huku kwetu na baadaye kwenye simu za watu wote, Kapteni Radi aliruka na chombo chake kutoka nyota hadi nyota akiokoa viumbe. Chombo chenyewe kilikuwa trela la miwa lililovunjika ekseli huko Butali. Chrispinus, mtunzi na mwelekezi wetu, alilifunika kwa mabati, akalipaka rangi ya fedha, na mvua ikinyesha lilivuja hadi tukarekodi tukiwa na miavuli nje ya kamera. Msitu wa Kakamega ulikuwa Sayari ya Miti. Mashimo ya dhahabu yaliyoachwa kule Malinya yalikuwa Zohali, na watu wa Zohali walivaa magunia na barakoa za mafundi wa kuchomelea vyuma. Michezo mingine hufa ikiwa changa. Huu ulidumu hadi watoto waliouanza wakaja kuutazama na watoto wao.

Kapteni wa kwanza alikuwa Kipyegon, mwalimu mpole aliyejua maneno yake yote na ya wenzake. Alipohamishiwa shule nyingine Chrispinus alimwandikia afe ndani ya jua, na koti lake la fedha, ambalo kwa kweli lilikuwa koti la mvua, likapewa Sammy. Alichaguliwa kwa sababu lilimkaa vizuri mabegani. Sijawahi kusikia sababu nyingine, na nilikaa na watu wale muda mrefu wa kutosha kuisikia kama ingekuwepo.

Kapteni huwa na mwenzi. Kazi ya mwenzi ni kuogopa, kujikwaa, kukamatwa na kuuliza. Mwenzi wa kwanza alimezwa na nyota kwa sababu aliolewa Lugari. Wa pili alipotelea ndani ya ukungu kwa sababu Chrispinus aliona amenenepa. Mimi nilikuwa wa tatu. Jina langu ni Pascalia, lakini kwa zaidi ya miaka kumi niliitwa Shani, nikavaa ovaroli ya manjano, nikasimama kushoto kwa Kapteni.

Mahali pale kushoto nilipapata siku ya kwanza kabisa. Tulikuwa msituni, kamera imewashwa, na Sammy alitakiwa aeleze habari ya mlango wa wakati. Hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja. Alinitazama kwa macho ya mbuzi aliyeulizwa jina la babu yake. Mimi nilikuwa nimeyasoma yote, yangu na yake, na nilikuwa na baridi na njaa, nikataka twende nyumbani. Basi nikasema, "Kapteni, huu si ndio ule mlango uliofungwa na watu wa Zohali kabla wakati haujaanza?"

Uso wake ukang'aa. "Ndivyo hasa, Shani," akasema, kwa ile sauti yake nene ambayo Mungu alimpa bila kumpa cha kusema nayo.

Chrispinus aliruka kutoka nyuma ya kamera akamkumbatia. Yeye, si mimi.

Kuanzia siku hiyo ndivyo tulivyofanya kazi. Sammy hakusoma tena, na hakuona haya. Akikwama aligeuka kushoto, nami niliuliza swali lenye jibu lake tumboni. Kapteni, si huyu ndiye malkia aliyekusaliti kwenye pete za Zohali? Ndivyo hasa, Shani. Kapteni, kwani tukikata waya huu mwekundu chombo si kitalipuka? Ndivyo hasa, Shani. Mkoa mzima ukalipenda lile neno. Watoto walilitumia kuwajibu walimu, na nilimwona mwendesha boda wa Navakholo ameliandika kwenye kinga-tope ya pikipiki yake. Kapteni anajua yote, walisema. Nami waliniita Mama Maswali. Mwanamke mmoja aliyevaa suti ya ofisi alinisimamisha sokoni, akanishika mkono kwa furaha, akaniambia kwamba humwonyesha bintiye kipindi chetu ili amweleze, "Usikue kama huyu, asiyejua kitu." Nilimshukuru. Mtu anayepima akili kwa nani anauliza na nani anajibu, huyo mwache aende zake na suti yake.

Nisingemdharau Sammy sana kama angebaki anajua alivyo. Lakini aliamini. Baada ya mwaka wa pili alianza kutembea na lile koti mitaani. Alialikwa kufungua makanisa, kugawa zawadi shuleni, kukaa meza kuu kwenye harusi za watu asiowajua, na kila mahali aliniburuta pamoja naye. "Twende, Shani," alikuwa akisema, hata nje ya kazi, hata nikiwa na kikapu cha nyanya mkononi. Sidhani aliwahi kulitamka jina langu. Kule alikoalikwa watu walimuuliza kuhusu mbolea, kuhusu watoto watukutu, kuhusu kesi za mashamba, naye aligeuka kushoto, nami nikauliza, naye akakubali. Waliondoka wamepona. Mimi niliondoka nikiwacheka, na kucheka kwenyewe kulikuwa kunaanza kunichosha.

Babake hakuwa mjinga hivyo. Tulipokuwa tunarekodi Zohali pale Malinya, mashimo yalikuwa karibu na boma la Mzee Shivachi, na wakati wa mapumziko Sammy alipokuwa akipigwa picha na mashabiki barabarani, mimi nilikwenda kukaa na mzee kando ya zizi. Alikuwa na fahali mmoja mweusi wa kupigana aitwaye Tetemeko, mwenye paji pana na sikio moja lililochanika. Watu wa Ikolomani walimfahamu Tetemeko kuliko walivyomfahamu diwani wao. Jumamosi za mapigano wanaume walikuja kumchukua alfajiri kwa ngoma na baragumu, wakamwongoza hadi uwanjani, wakamrudisha wakiimba.

Aliyemlisha siku nyingine zote alikuwa Teresa, dadake Sammy. Teresa alirudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika, na hakupewa pole wala nafasi, alipewa panga la kukatia nepia. Mikono yake ilikuwa ya kijani hadi kwenye viwiko. Yeye ndiye aliyemchanganyia Tetemeko machicha ya pombe ya busaa, aliyemkanda mabega kwa maji ya moto baada ya pambano, na aliyelala nje kando ya zizi fahali alipougua tumbo. Lakini siku ya uwanja alibaki mlangoni, kwa maana pale kwao mwanamke hashiki kamba ya fahali wa kupigana mbele za watu. Aliwasikiliza wakiimba hadi sauti zikapotea, kisha akarudi kufagia samadi.

"Sammy wangu hufikanga mpaka kwa nyota," mzee aliniambia siku moja. "Lakini hapa kwa zizi hajafika tangu Krismasi ile ingine."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Siku hiyo Sammy alikuwa amekuja kweli, ameketi kwenye kiti cha plastiki hatua chache tu kutoka kwetu, akijitazama kwenye simu.

"Sikia, Sammy," mzee akaita. "Mimi nikienda, huyu dume ni wa Teresa. Yeye ndiye atashika kamba. Ukimwachia Barnaba, atampeleka kwa bucha hata kabla udongo haujakauka. Wewe ndiye kifungua mimba, wewe ndiye utasema. Umesikia?"

"Sawa, baba. Sawa sawa," Sammy akasema, kidole kikipanda na kushuka kwenye kioo.

Mzee aligeuka akanitazama mimi. "Umesikia wewe?"

"Nimesikia, baba."

"Basi," akasema, akatema mate pembeni.

Ni desturi ya boma lile. Mwenye fahali akifa, mnyama huletwa mbele ya kaburi siku ya mazishi, na mtoto wa kwanza wa kiume husimama mbele ya watu na kusema kamba inashikwa na nani. Likishasemwa pale limesemwa, hakuna kikao cha ukoo kinacholirudisha. Na asiposema kitu, kamba hubaki kwa ndugu wa marehemu. Ndugu wa marehemu alikuwa Barnaba.

Mzee alikufa mwanzoni mwa mvua. Wiki hiyo hiyo Chrispinus aliniita mjini. Aliniagizia chai na mandazi, na nilipoona mandazi nilijua kuna jambo, maana Chrispinus ni mkono wa birika.

"Shani atakufa," akasema.

"Lini?"

"Kipindi cha kwanza cha msimu mpya. Itakuwa kifo kizuri sana, Pascalia, watu watalia." Alikoroga chai ambayo alikuwa ameshaikoroga. "Sammy anataka Mitchel. Yule msichana wa kucheza dansi kwa simu. Anasema watazamaji wanataka sura mpya."

"Na sura yake yeye ni ya lini?"

Akacheka, akaangalia kikombe. "Mimi sina neno. Kapteni ndiye ameamua. Yeye mwenyewe akisema unabaki, unabaki, hata kesho."

Sitajitia kwamba sikuumia. Niliumia. Nilikuwa nimejikwaa kwenye mizizi ya msitu ule hadi magoti yangu yakawa na makovu, nimekamatwa na watu wa magunia mara zisizohesabika, nimeyajaza maneno kwenye mdomo wa yule mtu kipindi baada ya kipindi, na kile kipindi kilikuwa changu zaidi ya mtu yeyote aliye hai. Nilikitaka. Nilikitaka sana, na nilitembea kwa hasira kutoka pale hadi stendi.

Kisha nikafikiri. Kwenye mazishi Sammy angepewa maiki. Asingekuwa ameandaa neno, maana hajawahi kuandaa neno tangu azaliwe. Angegeuka kushoto. Na mimi ningekuwa hapo, ndani ya ovaroli yangu ya manjano, na Chrispinus angekuwepo na kamera yake, na mashabiki wangekuwepo na simu zao zote juu. Ningeuliza, "Kapteni, si ulisema safari inayokuja tutaondoka pamoja, mimi na wewe?" Na ule mdomo ungejibu wenyewe, kama mlango uliozoea kufunguka ukisukumwa. Chrispinus asingethubutu kuniua baada ya hapo. Nililifanyia mazoezi lile swali nikisonga ugali. Nililisema kwa unyenyekevu, nikalisema kwa furaha, nikalisema kwa sauti ya mtu anayekaribia kulia. Lilikuwa swali zuri.

Siku ya mazishi Sammy alikuja amevaa koti la fedha. Kwenye mazishi ya babake. Nilidhani angalau ndugu zake wangemwambia avue, lakini walikuwa wanapanga foleni kupigwa naye picha kando ya jeneza. Mitchel alikuwa amesimama upande wake wa kulia, amependeza kweli, akihama huku na huku akitafuta mahali ambapo viatu vyake havitazama kwenye tope. Msichana wa watu, sikuwa na ugomvi naye. Hakuna aliyekuwa amemweleza kazi inafanywa upande gani.

Fahali waliletwa, Tetemeko na wengine wa majirani, wakazungushwa bomani kwa isukuti, matope yakiruka, wanaume wakipunga matawi. Kisha wale wengine wakatolewa na Tetemeko akabaki peke yake mbele ya kaburi. Barnaba ndiye aliyeshika kamba. Alikuwa ameizungusha ngumi yake mara kadhaa, namna mtu anavyoshika kitu alichokwisha kukihesabu kuwa chake. Kando yake alisimama jamaa mmoja mnene mwenye bucha sokoni, na yule jamaa hakuwa anaangalia kaburi wala mapadri. Alikuwa anaangalia mapaja ya nyuma ya fahali.

Teresa nilimwona mbali, karibu na jiko, katikati ya akina mama wenye masufuria. Nilikuwa nimepita kumpa pole asubuhi. Alikuwa ametoka kukata nepia, siku ya kumzika babake, kwa sababu Tetemeko hajui kama kuna msiba.

"Atasema?" aliniuliza. "Sammy. Atakumbuka?"

"Wewe mwenyewe si ungesema?"

"Mimi nisimame pale niongee maneno ya dume?" Alifuta mikono kwenye leso, ikabaki vilevile, ya kijani. "Baba mdogo ataniambia nirudi kwa jiko. Na watacheka."

Sikumwahidi kitu. Nilikuwa na swali langu.

Mwendesha shughuli akaita, "Sasa tunamkaribisha kifungua mimba, Kapteni wetu!" na watu wakapiga makofi, makofi kabisa, kaburini. Sammy akachukua maiki.

"Ndugu zangu," akasema. "Baba yangu... Baba alikuwa..." Akatafuta. "Baba alikuwa mtu."

Hapo akaishiwa. Shingo ikageuka kushoto.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Neno "Kapteni" lilikuwa tayari kwenye ulimi, na nyuma yake lile swali langu lote, limepangwa vizuri. Nikamtazama machoni. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Alikuwa anangoja kama mtoto anayenyoosha mguu afungwe kamba za kiatu, ilhali ana hakika kwamba zitafungwa. Mtu aliyekwisha kuniua kwa mandazi ya mtu mwingine alikuwa amesimama pale, anangoja nimwokoe, na hakuona ajabu yoyote.

Ndipo nikaona kitu ambacho sikukiona nilipokuwa nasonga ugali. Maswali yangu yote kwa mtu yule, miaka yote ile, yalikuwa ya uongo. Majibu nilikuwa nayo mimi. Hili moja lingekuwa la kweli. Lingekuwa ombi. Ningekuwa ninamwomba Sammy Shivachi, mbele ya watu, nikiwa nimevaa ovaroli, anipe nafasi ambayo niliijenga mimi, na yeye angenipa bila hata kujua kwamba amenipa. Nilimdharau mno, nisingeweza kumwomba kitu.

Tetemeko akavuta kichwa, na Barnaba akaongeza duara jingine la kamba kwenye ngumi.

"Kapteni," nikasema. Sauti yangu haihitaji maiki. "Mzee si alisema Tetemeko abaki hapa nyumbani, na kamba ashike Teresa, ambaye amemlisha miaka hii yote?"

Uso wa Sammy ukang'aa.

"Ndivyo hasa, Shani!"

Umati ulilipuka. Hawakuwa wanashangilia Teresa wala fahali, walikuwa wanashangilia neno lao. "Ndivyo hasa! Ndivyo hasa!" vijana waliimba kando ya ua, na wapiga isukuti, ambao hawawezi kusikia kelele bila kuijibu, wakazishukia ngoma zao. Simu zilikuwa juu kila mahali. Mtu wa kando yangu alikuwa analia kwa furaha. Alikuwa amekuja msibani, akapewa kipindi pia.

"Kamba ya dume kwa mwanamke?" Barnaba alipiga kelele. "Sammy! Umesema nini wewe?"

Sammy hakujua amesema nini. Nilimwona akitafuta. Aliangalia kaburi, akaangalia fahali, kisha shingo ikarudi kushoto, kwangu, apate kujua. Nikainamisha kichwa, nikatazama matope yaliyoshika viatu vyangu. Lile jibu alilitoa yeye, nikamwachia akae nalo.

"Kapteni amesema!" watu waliitikia. "Limesemwa kaburini!"

Wanaume wa fahali, wale wanaokuja alfajiri na baragumu, walikuwa wamemzunguka Barnaba. Hawakumgusa. Walisimama tu karibu kiasi cha kumwonyesha kwamba wamesikia. Barnaba akaanza kuifungua kamba, duara moja baada ya jingine, taratibu, kama anayevua pete iliyombana. Yule wa bucha alitazama saa yake, akakumbuka shughuli mahali pengine.

Teresa alitoka jikoni bila kuvua leso. Akina mama walimpisha. Alipita mbele ya mabarobaro, mbele ya babake mdogo, mbele ya kakake mwenye koti la fedha, hakumtazama yeyote. Alipoichukua ile kamba Tetemeko alishusha kichwa, akamnusa viganja, akaanza kumlamba ile rangi ya nepia. Wakazunguka kaburi pamoja, polepole, na safari hii ngoma ndizo zilizowafuata. Nililia. Sijui kama nililia kwa ajili ya Teresa au kwa ajili ya lile swali langu zuri ambalo sikuliuliza, na sikujisumbua kutenganisha.

Baadaye, chini ya turubai, Sammy aliletewa ingokho, kuku wa kienyeji, na firigisi wakamwekea juu kabisa, kama inavyostahili kwa mwanamume aliyeongea vizuri. Akaniita niketi.

"Kumbe baba alisema hivyo?" akauliza, akitafuna.

"Alikuambia wewe mwenyewe. Ulikuwepo."

"Ah." Akafikiri, au alitulia kwa muda ambao mtu mwingine angefikiri. "Lakini nimefanya vizuri, sivyo? Umeona watu?"

"Umefanya vizuri, Kapteni."

"Chrispinus alikwambia ile maneno ya Mitchel? Usikasirike, Shani. Wewe unajua watazamaji."

"Naitwa Pascalia."

Alicheka sana, kama nimemfanyia mzaha, akatia firigisi mdomoni.

Shani alikufa kama alivyoahidiwa. Alimezwa na ukungu kwenye mashimo ya Malinya. Mimi sikwenda, basi waliichukua ovaroli yangu, wakaijaza majani makavu ya ndizi, wakaitupa kwenye shimo. Naambiwa hakuna aliyelia. Siku hizi ninafundisha watoto wa shule michezo ya tamasha, na kanuni yangu ni moja tu: asiyesoma maneno yake hasaidiwi. Wazazi wengine wananiona mkali. Wana haki.

Jumapili huwa ninakwenda Malinya. Teresa ananipikia, tunakaa sebuleni na televisheni imewashwa, na Tetemeko anasikika nje akisugua pembe kwenye nguzo. Uwanjani Teresa sasa anafika na kamba mkononi hadi kwenye mstari, ndipo anaiachilia. Mwanzoni walicheka, kama alivyosema. Kisha Tetemeko akashinda, na kicheko kikawaishia.

Jumapili iliyopita tulikuwa bado tunakula wakati *Wasafiri wa Zuhura* ilipoanza. Mitchel alicheza dansi kidogo, kisha zimwi lenye barakoa ya kuchomelea likatoka nyuma ya trela. Kapteni Radi akainua mkono. Akafungua mdomo. Akageuza shingo kushoto, ambako hakukuwa na mtu, akangoja. Mitchel alikuwa upande wake wa kulia, anatengeneza nywele. Ule ukimya uliendelea mpaka Chrispinus akaweka muziki juu yake. Sasa vipindi vyote viko hivyo, na watu wanavipenda kuliko zamani. Wanasema Kapteni amekomaa, haongei ovyo. Nasikia mhubiri mmoja wa Navakholo alitoa mahubiri mazima kuhusu hekima ya kunyamaza, na akamtaja Kapteni kwa jina.

Teresa alisimama na mwiko mkononi, akimtazama kakake kwenye kioo.

"Dada Pascalia," akasema, "hivi huyu huangalianga nini huko kando?"

"Sijui," nikamwambia, nikasogeza sahani aniongezee mrenda.